Lugha ya Bendera na Lugha ya Darasa

Taifa linapopata uhuru huwa na haki ya kujichagulia mambo mengi ambayo hapo kabla lilichaguliwa na wengine: wimbo wake, bendera yake, sarafu yake, majina ya barabara zake. Mambo hayo hayana uzito mmoja. Bendera ikichaguliwa vibaya, hasara yake ni ya macho tu, na baada ya miaka michache watu huizoea hata wakaipenda. Lugha ya kufundishia watoto ina hesabu nyingine. Gharama yake hulipwa kila asubuhi ya siku ya kazi, na mlipaji ni mtu wa miaka sita ambaye hakuulizwa. Swali linalotokana na jambo hili ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: je, dola changa iliyopatikana kwa damu ina haki ya kumtwisha mtoto mdogo mzigo wa kumbukumbu za wazee wake?

Swali hilo lafaa kutazamwa mahali ambapo lilitokea bila ya pazia, na katika miaka ya karibu hapana mahali pafaapo zaidi ya Timor-Leste. Nchi hiyo ni nusu ya mashariki ya kisiwa cha Timor, kaskazini ya Australia, pamoja na kipande cha Oecusse kilicho upande wa magharibi, kimezungukwa na ardhi ya Indonesia na bahari. Ni nchi ndogo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu wapatao 1,340,000. Jina lake lenyewe ni mzaha mdogo wa historia: Timor ni neno la Kimalei lenye maana ya mashariki, na leste ni mashariki kwa Kireno, hata nchi ikaitwa Mashariki ya Mashariki kwa ndimi mbili za wageni.

Wareno waliitawala kwa karne kadhaa wakasomesha wachache mno. Baada ya utawala wa kidikteta kupinduliwa Lisbon mwezi wa Aprili 1974, chama cha Fretilin kilitangaza uhuru tarehe 28 Novemba 1975. Siku tisa baadaye majeshi ya Indonesia yakaingia. Ukaliaji ule ulidumu miaka 24. Tume ya ukweli iliyotoa taarifa yake 2005 ilikadiria kwamba vifo visivyopungua 102,800 vilitokana na vita na matokeo yake, njaa na maradhi yakiwa na sehemu kubwa kuliko risasi. Tarehe 30 Agosti 1999 watu walipiga kura chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa, na 78.5 katika kila mia wakachagua kuwa huru. Wanamgambo na askari waliokuwa wakiondoka walijibu kwa moto. Nyumba, afisi, hospitali na nyaya za umeme ziliteketezwa, na pamoja nazo sehemu kubwa kabisa ya shule za nchi: mapaa yalichomwa, madawati yakawa majivu, madaftari ya kuandikia majina ya wanafunzi yakapotea.

Hasara ya majengo ilionekana kwa macho, na wafadhili hupenda hasara inayoonekana kwa macho, kwa kuwa mabati yana bei na huhesabika. Hasara ya pili haikupigwa picha. Walimu wa shule za sekondari, wengi wao mno, walikuwa Waindonesia. Waliondoka katika majuma yale machache, na wakaondoka na fizikia, hesabu na kemia ya nchi nzima vichwani mwao. Waliobaki walikuwa zaidi walimu wa shule za msingi, pamoja na vijana waliosoma wakaishia katikati. Nao ndio waliofungua shule. Kabla ya wizara kuwapo, kabla ya mshahara kuwapo, watu wa vijiji waliwakusanya watoto ndani ya kuta zisizo na paa na chini ya miti, wakaanza kufundisha walichokikumbuka. Malipo yalipokuja mwanzoni yalikuwa chakula na posho ndogo. Mwaka rasmi wa masomo ulifunguliwa Oktoba 2000, ilhali nchi ingali chini ya utawala wa muda wa Umoja wa Mataifa.

Hapana budi kukaa kidogo juu ya walimu hao, maana wao ndio watakaohukumiwa na sera iliyofuata. Mtu ambaye nyumba yake imechomwa, ambaye pengine hajamzika ndugu yake kwa heshima, alisimama mbele ya watoto bila chaki. Hapana mkataba uliomlazimisha. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kuwapa, nacho ni kile alichokuwa anakijua kwa yakini; na alichokijua kwa yakini alikuwa amekisoma kwa Kiindonesia, na huweza kukieleza kwa Kitetum au kwa lugha ya kijijini kwake.

Lugha za nchi ile ni nyingi kwa eneo lake. Kitetum ndicho kinachosikika karibu kila mahali, hasa kwa umbo lake la mji wa Dili. Lakini zipo pia Kimambae, Kimakasae, Kikemak, Kibunak, Kifataluku, Kibaikeno, Kigaloli na nyinginezo, na baadhi yake, kama Kifataluku na Kibunak, hazina hata udugu wa asili na Kitetum. Juu ya lugha hizo Wareno waliweka Kireno, kisha Waindonesia wakaweka chao na kukifukuza Kireno shuleni. Shule moja ya Kanisa mjini Dili, Externato de São José, iliendelea kufundisha kwa Kireno mpaka ilipofungwa 1992. Kanisa lenyewe, lilipozuiwa kutumia Kireno katika ibada, lilikataa Kiindonesia likachukua Kitetum, 1981. Na kwa tendo hilo lugha ya soko na ya jikoni ikapanda madhabahuni.

Ukweli mmoja haupendezi kuusema, lakini ukiachwa hoja yote itapinda. Mvamizi alijenga shule nyingi kuliko mkoloni wa kabla yake. Alizijenga ili watoto wawe Waindonesia, akawafundisha historia isiyokuwa yao. Hata hivyo maelfu ya watoto ambao babu zao hawakushika kalamu walijifunza kusoma. Na ajabu ya mambo, ni watoto hao hao waliomshinda. Waliojaa katika makaburi ya Santa Cruz tarehe 12 Novemba 1991, siku askari walipowafyatulia risasi, wengi wao walikuwa vijana wa shule za Kiindonesia. Chama cha siri cha wanafunzi wa Timor waliokuwa wakisoma katika vyuo vya Indonesia, Renetil, kilianzishwa 1988, na kiongozi wake, Fernando de Araújo aliyejulikana kwa jina la La Sama, alifungwa katika gereza la Cipinang mjini Jakarta. Vijana hao walijua magazeti ya adui, mahakama zake na wapinzani wake wa ndani, kwa sababu walijua lugha yake. Lugha haiulizi ni nani aliyeileta, humtumikia aliyeijua.

Basi ulipofika wakati wa kuchagua, walioketi kwenye meza kuu walikuwa hasa watu wa umri mwingine. Wengine walipigana milimani, na barua za msituni ziliandikwa kwa Kireno. Wengine walirudi kutoka uhamishoni Ureno na Msumbiji. Mari Alkatiri, waziri mkuu wa kwanza, aliishi Msumbiji karibu muda wote wa ukaliaji, katika nchi ambayo FRELIMO ilikifanya Kireno lugha ya umoja wa taifa. Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana ruhusa ya kutabasamu, kwa kuwa FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam 1962, na shule yake ya mjini humo, iliyofunguliwa 1963, iliwafundisha vijana wa Msumbiji Kireno huku dirishani sauti zote zikiwa za Kiswahili. Wazo la kwamba lugha ya bwana inaweza kutekwa kama bunduki yake na kugeuziwa kazi ya ukombozi lilitembea mbali: kutoka pwani hii hadi Maputo, na kutoka Maputo hadi Dili.

Katiba iliyoanza kutumika siku ya uhuru, tarehe 20 Mei 2002, ilivifanya Kitetum na Kireno kuwa lugha rasmi. Kiindonesia na Kiingereza vikapewa cheo cha lugha za kazi serikalini kwa muda utakaohitajika. Katika shule shauri lilikuwa Kireno kianze madarasa ya chini, kisha kipande mwaka hata mwaka, na Kiindonesia kipungue kadiri Kireno kinavyopanda.

Si haki kuwadhihaki waliokata shauri hilo. Hoja zao zilikuwa na uzito. Nchi ya watu wasiofika milioni moja wakati ule ilikaa katikati ya majirani wawili wakubwa, mmoja wa Kiindonesia na mmoja wa Kiingereza, na yeyote kati yao angeweza kuimeza bila kuhitaji askari. Kireno kiliifunga na mataifa ya mbali yasiyokuwa na tamaa na ardhi yake. Aidha, Kireno kilikuwa lugha iliyokatazwa, na lugha iliyokatazwa hupata utukufu ambao haikuwa nao ilipokuwa ikiamrishwa. Mzee aliyeficha kitabu cha Kireno chini ya sakafu kwa miaka ishirini hawezi kuambiwa kwamba alificha karatasi tu. Kadhalika Kitetum chenyewe kimejaa maneno ya Kireno. Mtimor huita meza meza, kama Mswahili. Huita bendera bandeira, na shule eskola. Hayo si mageni kwa watu wa pwani ambao waliwaona Wareno wakitolewa katika Ngome ya Mombasa 1698, wakabaki na leso, gereza na mvinyo.

Hoja zote hizo ni za dola. Zinaeleza kwa nini Kireno kiwepo katika katiba, katika balozi, katika chuo kikuu, hata katika ratiba ya kila shule kama somo la lazima. Hazielezi kwa nini mtoto wa Lospalos ajifunze kujumlisha kwa Kireno. Kati ya mambo hayo mawili pana nafasi kubwa, nayo ilivukwa kwa neno moja tu, neno «utambulisho», kama kwamba neno hilo likitajwa hesabu hujifundisha zenyewe.

Vijana waliosoma kwa Kiindonesia walilalamika mapema. Walijiita kizazi kipya, na walikuwa na sababu ya kuona kwamba ushindi walioupigania umewafunga mlango: vyeti vyao viligeuka kuwa vya lugha isiyo rasmi siku ile ile nchi yao ilipokuwa yao. Kilio chao kilikuwa cha haki. Lakini mtu mzima mwenye kulalamika angalau ana ulimi wa kulalamikia. Anayestahili kuulizwa habari zake kwanza ni yule mwalimu wa kijijini na watoto wake, ambao hawakuandika barua kwa mtu yeyote.

Mwalimu yule aliambiwa afundishe kwa lugha asiyoijua. Alipelekwa kwenye mafunzo ya jioni na ya likizo, chini ya walimu waliotumwa kutoka Ureno na Brazili, na wengi wao walifanya kazi hiyo kwa moyo safi. Hata hivyo lugha haijengwi kama banda, kwa kuongeza mabati. Asubuhi alirudi darasani na maneno mia mbili, akainakili sentensi ya kitabu ubaoni, watoto wakaikariri kwa sauti moja. Kisha akageuka akaieleza kwa Kitetum, au kwa Kimakasae, au asiieleze kabisa kwa sababu na yeye hakuifahamu. Mkaguzi akija, Kitetum hufichwa. Mtoto akiuliza maana, swali huwa ni aibu kwa mwalimu. Baada ya aibu mbili tatu mtoto hujifunza kutouliza.

Hapo ndipo ilipo dhambi ya jambo hili, ikiwa neno dhambi laweza kutumiwa juu ya sera. Ugumu peke yake si hoja. Watoto wamewahi kujifunza mambo magumu, na mateso kidogo ya sarufi hayajamwua mtu. Ubaya ni kwamba mwalimu amelazimishwa kujifanya anajua, na mtoto amelazimishwa kujifanya ameelewa, na kila mmoja anajua siri ya mwenziwe. Shule ni mahali pa kwanza nje ya nyumba ambapo mtoto huonyeshwa tofauti ya kujua na kutojua. Ikiwa mahali hapo ndipo anapofundishwa kuzificha tofauti hizo, basi amepewa elimu nyingine kabisa, elimu ya unafiki, na hiyo hufaulu vizuri mno. Mtu aliyeshika kazi ile 1999 bila mshahara, kwa uaminifu tu, serikali aliyoipigia kura ilimnyang'anya ule uaminifu wenyewe, kwa waraka wenye muhuri.

Matokeo yalipimwa. Uchunguzi wa kusoma uliofanywa 2009 kwa msaada wa Benki ya Dunia ulikuta kwamba mwishoni mwa darasa la kwanza watoto zaidi ya 70 katika kila mia hawakuweza kusoma hata neno moja la habari fupi waliyopewa. Mwishoni mwa darasa la pili walikuwa 40, na mwishoni mwa la tatu bado walikuwa kama 20. Lugha peke yake haikuyafanya hayo yote, maana njaa, upungufu wa vitabu na wingi wa watoto darasani vilikuwapo. Lakini mtoto wa miaka tisa asiyeweza kusoma neno moja amekwisha kuketi darasani miaka mitatu, na miaka hiyo hairudishwi na bajeti yoyote. Paa lililochomwa Septemba 1999 laweza kuezekwa upya 2001 au 2011. Umri wa miaka saba haungoji.

Mtetezi wa Kireno atajibu kwamba kila taifa huwa na kizazi cha mpito, na kwamba kizazi hicho kikivumilia, wajukuu watakula matunda. Jibu hili husikika katika kila nchi changa, na huwavutia viongozi kwa sababu lina sura ya busara ya mzee mwenye subira. Kasoro yake ni kwamba anayevumilia si yeye anayesema. Askari aliyekwenda mlimani alichagua kwenda. Mwenye kutoa sadaka hutoa mali yake. Akitoa ya yatima, hata kama ni kwa ajili ya msikiti au kanisa, jina la tendo hilo ni lingine. Na watoto wa Timor walikwisha kutoa. Walitoa baba na mama zao, walitoa nyumba zao. Kuwadai tena akili zao kwa muda wa kizazi kizima ili wazee wapate kuikumbuka lugha ya ujana wao ni kudai deni mara mbili kwa mtu aliyelipa.

Labda hoja hii ingekuwa ya kikatili kama isingekuwapo njia nyingine. Njia ilikuwapo, na waliofunguliwa macho nayo kwanza ni Fretilin wenyewe. Katika miezi ile michache kabla ya uvamizi wa 1975, wanafunzi waliorudi kutoka Lisbon, wakiwa wamemsoma Paulo Freire wa Brazili, walianza kuwafundisha wanavijiji kusoma na kuandika kwa Kitetum, kwa kitabu kidogo walichokitunga kwa kazi hiyo. Mmoja wao alikuwa Vicente Reis, aliyeitwa Sahe, ambaye hakuuona uhuru. Hawakungoja Kitetum kiwe na kamusi ya fizikia. Walikitumia kwa kazi kiliyoiweza, nayo ilikuwa kumwonyesha mtu mzima kwamba sauti yake inaweza kukaa juu ya karatasi. Aliyesema baadaye kwamba Kitetum hakijakomaa kufundishia darasa la kwanza alisahau kwamba darasa la kwanza halihitaji zaidi ya hayo. Tahajia yake rasmi iliwekwa kwa sheria 2004. Yaani miaka miwili baada ya uhuru hata udhuru wa herufi ulikuwa umekwisha.

Wasomi wa nchi zinazotumia Kiswahili wasisome habari hizi kwa kiburi. Tanzania ilifanya uamuzi wa kishujaa 1967 ilipokifanya Kiswahili lugha ya shule zote za msingi za serikali, kisha ikasimama mlangoni mwa sekondari. Tume ya 1982 iliyoongozwa na Jackson Makweta ilishauri kwamba Kiswahili kivuke mlango ule, serikali ikakataa. Tangu hapo mwalimu wa baiolojia anaandika kwa Kiingereza ubaoni, anaeleza kwa Kiswahili kwa sauti ya chini, na kijana anajibu mtihani kwa sentensi alizozihifadhi. Kinachotofautiana na Timor ni umri wa mtoto anapoanza kufundishwa kujifanya.

Timor-Leste haikukaa palepale. Sheria ya elimu ya 2008 ilivitaja Kitetum na Kireno vyote viwili kuwa lugha za kufundishia. Miaka michache baadaye shule chache zilianza jaribio la kufundisha kwanza kwa lugha ya nyumbani: Kifataluku katika Lautém, Kigaloli katika Manatuto, Kibaikeno katika Oecusse. Wapo waliolipinga jaribio hilo wakisema kwamba litawagawa watu, ilhali watu hao waliwahi kushinda vita wakizungumza lugha hizo hizo zote. Kisha mtaala mpya wa 2015 ukakipa Kitetum madarasa ya mwanzo, Kireno kikaingia pole pole kikipanda pamoja na mtoto. Mtaala huo nao ulipata maadui bungeni, na ugomvi juu yake haukuisha kwa kura moja.

Mwaka huo huo wa 2015 wizara ya elimu ilikuwa mikononi mwa La Sama, yule mfungwa wa Cipinang, mtu wa kizazi kilichosoma kwa lugha ya mvamizi na kupigana kwa lugha hiyo. Aliishika miezi michache tu. Alifariki mwanzoni mwa Juni. Walimu waliofungua shule chini ya miti walikuwa wakati huo wanakaribia kustaafu, na wengi wao, baada ya miaka kumi na tano, walipewa kwa mara ya kwanza kitabu cha mwongozo ambacho waliweza kukisoma chote.